Bei ya mwisho ni ngapi? Barua ya wazi kwa wenye meli iliyotubeba mto Danube

Kwenu wakurugenzi wa kampuni ya safari za mtoni,

Jina la kampuni sitalitaja. Nyinyi mnajijua.

Hii ni barua ya tatu. Mbili za mwanzo niliziandika kwa Kijerumani, nikapata majibu mawili yanayofanana neno kwa neno, hadi kosa la tarehe kwenye mstari wa tatu likarudiwa vilevile. Hii naiandika kwa Kiswahili na naianika hadharani. Safari ilikuwa ya mama yangu, na hii ndiyo lugha yake. Halafu Waswahili tunaoishi Ulaya tumeanza kuwapandisha wazazi wetu kwenye meli zenu, kila kiangazi kikikaribia hakosekani mtu kwenye kundi la WhatsApp anayeuliza, "Jamani, hizi meli za mtoni zikoje?" Basi nawajibu wao na nyinyi kwa mpigo mmoja. Mkihitaji tafsiri, hiyo ni huduma ya ziada.

Mama alikuwa na duka la kanga Ngamiani, Tanga, kwa miaka zaidi ya thelathini. Mteja akiingia huuliza bei, hutajiwa, hushtuka kwa makusudi, huondoka hadi mlangoni, hurudi. Mwishowe husema, "Haya mama, bei ya mwisho?" Ikishatajwa bei ya mwisho, mjadala umekwisha. Sijawahi kuona mtu amefungiwa doti yake ya kanga kisha akadaiwa hela ya gazeti la kufungia. Alipotimiza miaka sabini nikamwambia aje Köln nimtembeze. Akasema madukani kashakaa vya kutosha, yeye anataka mto. Bahari anaijua, Pangani anaijua. Alitaka kuona mto ambao ukiufuata unavuka nchi moja hadi nyingine, miji imepanga mstari ukingoni.

Tangazo lenu lilisema: "Siku nane Danube, Nürnberg hadi Budapest, kuanzia euro 1,199." Kwetu redioni mtangazaji humalizia kwa kasi kama anakimbizwa, "vigezo na masharti kuzingatiwa." Nyinyi hata hilo hamlisemi, mnaweka kinyota. Nilipokifuata kile kinyota nikagundua 1,199 ni nauli ya Novemba, sitaha ya chini kabisa, ambako dirisha liko karibu na dari na maji ya mto yako usawa wa kidevu chako. Kwa Agosti, sitaha ya kati, chumba chenye kile mnachokiita roshani ya Kifaransa, ni euro 2,390 kwa kila kichwa. Nikalipa. Kwa hilo silalamiki, nililiona kwa macho yangu. (Ingawa mama alipofungua mlango wa kioo akakuta chuma tu, bila hata pa kuweka kiti, aliniuliza hii roshani gani isiyo na pa kuanikia kanga.)

Nauli ya wawili ikawa euro 4,780. Nikatoa malipo ya awali. Siku mbili baadaye ukaja uthibitisho, na ndani yake kuna mgeni: tozo ya bandari na mafuta, euro 85 kila mtu. Sikuwa nimeiona mahali popote kabla ya kulipa, na nimepiga picha kila ukurasa niliopitia. Hili tutalirudia.

Hapa nawageukia ndugu zangu kidogo, maana liko jambo ambalo dawati lenu halikunieleza. Nilikaribia kuchukua safari ndefu zaidi, inayofika Belgrade. Mama alikuja kwa viza ya Schengen (zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani mwao) ya kuingia mara moja, ile ya euro 90, mbali na bima. Serbia haimo Schengen. Meli ikivuka kwenda Belgrade abiria ametoka Schengen, na mwenye viza ya kuingia mara moja harudi Budapest wala Köln. Dada aliyepokea simu yenu alikuwa tayari kuniuzia. Aliyenishtua ni rafiki yangu Mkenya ambaye mamake aliwahi kunusurika hivyohivyo. Kwenye karatasi zenu suala hilo lina mstari mmoja tu: abiria ahakikishe mwenyewe hati zake.

Sasa meli. Nitasema kweli: siku mbili za kwanza zilikuwa nzuri. Mpishi alisikia kwamba mama hali nguruwe, akamtengea samaki kila mlo bila kuombwa tena na bila kutoza senti. Na ule mfereji unaounganisha mto Main na Danube, uliokamilika 1992, ni kazi ya watu wenye akili. Kutoka Nürnberg meli hupanda mlima kwa kuingia kwenye makasha ya zege, mlango ukafungwa nyuma, maji yakajazwa, ikainuka. Makasha matatu kati ya hayo huinua meli karibu mita 25 kila moja. Meli ina upana wa mita 11.4 na kasha lina mita 12. Mama alikuwa amesimama dirishani wakati ukuta unateremka mbele ya pua yake, mweusi, unatiririka maji, umeota ukoga wa kijani, kiasi cha kuugusa kwa kidole. Akaugusa. Akanusa kidole. "Kama kisima cha kwa bibi yako," akasema. Dakika zile hazikuwa na tozo, na ndizo anazosimulia mpaka leo.

Tulipofika Regensburg, asubuhi mama alivuta pazia akaona mzee wa Kizungu anapiga mswaki. Meli nyingine ilikuwa imefungwa ubavuni mwa yetu, dirisha kwa dirisha. Gati ni chache na meli ni nyingi, kwa hiyo zinapangwa mbili, tatu, kama dala dala stendi. Desturi hiyo inajulikana kwa kila mfanyakazi wenu, ila kwenye kijitabu kila dirisha linatazama milima. Tulifunga pazia siku nzima, wao nao wakafunga lao.

Jioni hiyo ndipo meneja wa meli akashika kipaza sauti. Maji ya Danube yamepungua, meli haiwezi kuendelea. Kesho mizigo iwe mlangoni saa moja asubuhi, tutachukuliwa kwa basi hadi Passau, huko tutapanda meli "pacha" na safari itaendelea "kama ilivyopangwa". Akaomba radhi kwa niaba ya mto.

Mama ni mtu wa pwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani hawa hawajui kupwa na kujaa?"

Hilo ndilo swali langu kwenu, wala sijapata namna bora zaidi ya kuliuliza. Kwetu nahodha hapakii watu huku akijua maji yamekupwa na chombo kitakaa mchangani. Sidai mlete mvua. Lakini Danube kati ya Straubing na Vilshofen, takriban kilomita 70, haina mabwawa ya kuyapandisha maji kama sehemu nyingine za Bavaria. Hapo ndipo meli hukwama kila kiangazi kikavu. Vipimo vya maji vya Pfelling na Hofkirchen hutangazwa mtandaoni kila siku, bure. Hata mimi muuguzi nimevipata kwa simu. Ukame wa 2022 ulishusha Danube mpaka mabaki ya meli za kivita za Wajerumani zilizozamishwa 1944 yakaibuka karibu na Prahovo, Serbia. Kwenye mto Elbe, mji wa Děčín, kuna jiwe ambalo watu walilichonga maji yalipokauka, mwaka wa zamani zaidi unaosomeka ni 1616, na limeandikwa kwamba ukiniona, lia. Wazee wale hawakuwa na kompyuta, na bado waliacha taarifa.

Nanyi taarifa mlikuwa nayo. Ndani ya basi nilikaa nyuma ya dereva, Mbavaria mnene mwenye maneno mengi. Nikamwambia kwa heshima, pole, mmeamshwa usiku kwa ajili yetu. Akacheka. Usiku wa nini? Yeye na wenzake watatu walikuwa wamekodiwa na kampuni yenu kwa siku ileile, njia ileile, tangu siku kumi na moja nyuma.

Siku kumi na moja. Yaani wakati mimi nafunga masanduku ya mama, nyinyi mlikuwa mmeshakodi mabasi manne. Siku nne kabla ya safari mliniandikia barua pepe, ninayo, kunikumbusha kwamba nafasi za kukandwa mwili zinaisha haraka. Kuhusu maji, kimya. Na kimya hicho kilikuwa na faida yake: Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2015/2302 linasema mwandaaji akibadilisha kwa kiasi kikubwa mambo ya msingi ya safari kabla haijaanza, amjulishe msafiri bila kuchelewa, naye ana haki ya kujitoa na kurudishiwa pesa yote. Mngesema siku ile mlipokodi mabasi, ningejitoa, na wengi wangejitoa. Mkasubiri tupande kwanza.

Ile meli pacha haikuwa pacha wa kufanana. Ilikuwa na vyumba vichache vya sitaha ya kati, na waliokosa tukashushwa chini, usiku wa nne hadi wa saba. Chumba chetu kilikuwa kile cha 1,199, cha Novemba. Mama alilala siku nne maji yakigonga ubao kando ya sikio lake, na akisimama kitandani ndipo anaona nje. Ana miaka sabini. Hakuja Ulaya kusimama vitandani.

Na ili kufidia muda uliopotea, nahodha aliendesha usiku. Bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, ndilo lililofanya watu wanunue tiketi hii. UNESCO ililiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000. Ule mnara wa buluu wa kanisa la Dürnstein, na mizabibu iliyopanda mlima nyuma yake, uko kwenye jalada la kijitabu chenu. Mama alikuwa amekikunja akakiweka ndani ya Kurani yake ndogo tangu Tanga. Tulipita Wachau saa nane usiku. Nilipanda juu peke yangu, sikutaka kumwamsha. Niliona taa tatu.

Niharakishe kwenye hela, maana hapo hakuna mandhari.

Vinywaji. Mimi na mama hatunywi pombe, na mama maisha yake yote hajaonja. Bila kifurushi cha vinywaji, chupa ya maji mezani ni euro tano na nusu. Kifurushi ni euro 29 kwa siku, na mmoja wa chumba akichukua, wa pili lazima naye achukue. Nikakubali ili mama asikae anahesabu maji. Ikawa euro 406 kwa maji na juisi, kwa sababu chai yake aliitoa kwenye mashine ya pale mapokezi, na ile ilikuwa bure kwa kila mtu.

Ziara zilikuwa tano, euro 245 kwa kila mmoja. Mbili zilikufa pamoja na maji. Ya Wien (Vienna) tulienda: basi, watu hamsini nyuma ya kibao chenye namba, dakika ishirini za kujitegemea, tano kati ya hizo kwenye foleni ya choo. Kesho yake asubuhi mama akasema, "Twende wenyewe." Meli ilikuwa imefungwa Handelskai, karibu na daraja la Reichsbrücke. Unatembea kidogo hadi kituo cha Vorgartenstraße, unapanda treni ya U1 hadi Karlsplatz, unabadilisha U4, unashuka Schönbrunn. Tiketi haifiki euro tano, na bustani kubwa ya kasri haina kiingilio. Tulikaa kwenye benchi tukala ndizi. Jirani yetu wa mezani alilipa euro 69 kwenda palepale.

Usafiri wa kutoka melini hadi uwanja wa ndege Budapest, euro 35 kila kichwa. Nilidhani "hadi uwanja wa ndege" iliyoandikwa kwenye ratiba ina maana ya kutufikisha. Kumbe ilikuwa maelezo ya jiografia.

Kisha bakshishi. Usiku wa mwisho, huku Bunge la Budapest likiwaka dhahabu juu ya maji na mama amenishika mkono kimya (na hilo nawapa, lilikuwa zuri sana), tulirudi chumbani tukakuta ankara imesukumwa chini ya mlango. "Shukrani kwa wahudumu: euro 12 kwa siku, kwa kila mgeni." Jumla 168, imeshajumlishwa. Mama akaniomba nimtafsirie mara mbili. "Shukrani yangu wameiandika wao?"

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua kwamba ada ya huduma ambayo msafiri wa meli analazimika kulipa, lazima iwemo ndani ya bei inayotangazwa. Nyinyi mnasema hii si lazima, ni pendekezo, unaweza kwenda mapokezi ukaomba ifutwe. Nilikwenda. Foleni ilikuwa ya watu thelathini, saa nne usiku, na wahudumu wenyewe wamesimama pembeni wanatutazama. Mnajua vizuri kwa nini mmeweka dawati pale. Nikarudi chumbani, nikalipa.

Mama alikuwa na shukrani yake mwenyewe. Kijana wa Kifilipino aliyetuhudumia mezani siku zile nne, aliyejifunza kusema "shikamoo" siku ya pili, alipewa mkononi noti ya euro ishirini na doti ya kanga ampelekee mamake. Jina la kanga, "Wema hauozi." Mama akataka nimtafsirie. Kijana akaikunjua, akaisoma herufi kwa herufi, akaikunja tena kwa mistari yake ileile. Nilimuuliza ile ya kwenye ankara inamfikia kiasi gani. Alicheka tu, akaokota sahani.

Basi jumla: nauli 4,780, tozo 170, vinywaji 406, ziara 490, usafiri wa uwanja wa ndege 70, shukrani 168. Euro 6,084. Tangazo lenu kwa watu wawili ni 2,398. Nimeweka mbali tiketi ya ndege ya mama, viza na bima, kwa sababu hayo si yenu.

Mmenijibu, mara mbili, kwamba upungufu wa maji ni nguvu ya asili, hivyo hamna wajibu, na kwa moyo wa ukarimu mnatupa vocha ya euro 100 kila mmoja, itumike ndani ya miezi 12. Mmechanganya mambo mawili, na nadhani mmechanganya kwa makusudi. Fidia ya usumbufu ni jambo moja, na hiyo kweli mnaweza kuikwepa mkithibitisha kwamba tatizo lilikuwa nje ya uwezo wenu na halikuepukika. Punguzo la bei ni jambo lingine. Huduma isiyolingana na iliyouzwa inapunguziwa bei hata kama aliyekosa ni mto. Kifungu cha 651m cha sheria ya madai ya Ujerumani hakiulizi kosa ni la nani. Muda wa kudai ni miaka miwili, kwa hiyo hata kalenda haitawaokoa.

Nataka tofauti ya nauli kati ya chumba nilicholipia na tulicholala, usiku nne. Nataka thamani ya ziara mbili ambazo hazikufanyika, na punguzo la siku ya Regensburg na siku ya basi, kwa sababu safari ya mtoni ilikuwa ya barabarani. Tozo ya bandari na mafuta nairudisha kwenu nzima: Agizo lilelile linasema gharama ya ziada ambayo msafiri hakuelezwa kabla ya kufunga mkataba, haimhusu. Vinywaji siwadai. Ule ulikuwa ujinga wangu, nilitia saini.

Na mnijibu kuhusu zile siku kumi na moja. Sitaki jibu la mashine. Mtu mwenye jina aniandikie tarehe mliyokodi mabasi, na aeleze kwa nini siku nne kabla ya safari mlikuwa bado mnaniuzia kukandwa mwili.

Vocha zenu mbili nimezitia ndani ya bahasha. Mama ameniuliza kama mkirudisha hela tutapanda tena, kwa sababu Dürnstein bado hajaiona. Nimemwambia kuna treni inayofika Krems, na mtu akiuliza nauli dirishani anatajiwa namba moja.

Nasubiri siku thelathini.

Abiria wa chumba 214, aliyelala chumba 108,
Köln